Dawa kwa simu Tandale: pesa mbele, mgonjwa nyuma

Ukitoka Manzese kuingia Tandale, Dar es Salaam, vibao vya waganga kwenye nguzo za umeme bado vinaahidi yale yale: nguvu za kiume, uzazi, busha bila upasuaji, mpenzi aliyeondoka arudi, nyota ya biashara ing'ae. Kilichopungua ni maelekezo ya nyumba. Zamani kibao kilikuelekeza ushuke kituo gani na umuulizie nani. Siku hizi ni namba ya simu tu. Mwenye namba anaweza kuwa nyumba ya tatu kutoka hapo, anaweza kuwa Sumbawanga, na anaweza asiwe mganga kabisa.

Muuzaji mmoja wa dawa za asili jirani na soko la Tandale, aliyeomba asitajwe jina, jambo hilo limemkaa kooni. Analipa pango na leseni, anasema, na mlonge, mwarobaini na habasoda zake mteja anazinusa kabla ya kununua. Wateja wake wa Sinza na Magomeni sasa wanaletewa vifurushi na bodaboda kutoka kwa watu wasiowajua. Wakishaharibikiwa ndipo wanapomkumbuka: wanamletea unga ndani ya mfuko wa plastiki usio na lebo, wakitaka awaambie ni kitu gani. Hunusa, huufunga tena na kuurudisha. Kuonja hathubutu.

Hata hivyo, naye simu anayo, na inamlisha. Wateja wa mikoani humtumia sauti na picha, na dawa huondoka na basi. Picha ndizo zinazomsumbua. Upele uliopigwa picha usiku chini ya taa huonekana wa manjano, kwa hiyo humtaka mgonjwa asogee mlangoni asubuhi apige nyingine. Kisha huuliza kama kuna mimba, maana mwarobaini si wa mjamzito, na kama mtu anameza vidonge vya kisukari, kwa sababu baadhi ya mitishamba nayo hushusha sukari, na viwili hivyo vikikutana mtu anaweza kuanguka. Mara nyingine swali halijibiwi, unaingia ujumbe wa muamala. Pesa ikishaingia, anakiri, ni vigumu kuirudisha na kumwambia mtu aende hospitali.

Hapo ndipo maadili ya kazi hii yalipogeuka. Kwa desturi ya waganga wengi wa pwani, mgonjwa alitoa kidogo cha kuanzia, hela ya ubani, na shukrani kamili ilisubiri apone. Mganga aliyeshindwa alilala njaa, na mtaa mzima ulijua. Huduma ya pesa kwa simu, iliyoingia nchini 2008, imeupindua mpango huo: malipo yanakuja kwanza, yote, na mlipaji hana mlango wa kwenda kugonga.

Si kila tiba ilikubali kusafirishwa. Mwaka 2011 maelfu waliomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mzee mmoja kwa Sh500 waliambiwa dawa haifanyi kazi isipotolewa na mzee huyo mwenyewe, pale pale kijijini. Mengi yalisemwa kuhusu kikombe kile, na baadhi ya walioacha vidonge vyao walilipa kwa maisha. Lakini angalau kila mtu alijua nani kampa nini, na wapi.

Serikali inasema sekta inadhibitiwa. Ofisa mmoja wa afya anataja waganga 75,000 nchini, yaani mmoja kwa kila watu 400, kama ushahidi kwamba huduma ipo karibu na wananchi. Takwimu hizo ni za siku nyingi. Ukizizidisha unapata watu milioni 30, ilhali sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 61. Zimetoka enzi ambazo mganga alifuatwa kwa miguu, na hazisemi lolote kuhusu wanaotibu kwa simu.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 nayo ina harufu ya enzi hizo. Maombi ya usajili huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji, wanaothibitisha kwamba mtu huyu wanamfahamu na anatibu. Ni utaratibu mzuri kwa mganga mwenye kibaraza. Mwenye laini ya simu hana mtaa. Kutangaza kunahitaji kibali, lakini nguzo za Tandale hazionekani kuwa na habari hiyo. Ramli nayo ilipigwa marufuku Januari 2015 kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na bado inapigwa, sasa kwa ujumbe wa sauti.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake wa mwisho ulikuwa Januari 2020, ulitarajiwa kumfichua kila tapeli. Yeyote ambaye bado anapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ana jibu lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka habari za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini picha za wagonjwa wa yule muuzaji zimo kwenye simu ile ile ambayo mwanawe anachezea gemu.

Biashara yenyewe huenda ikaendelea kukua. Nauli ni ghali, foleni za hospitali ni ndefu, na tatizo la chumbani ni rahisi kulisema kwa mtu usiyemwona. Kwamba udhibiti utaifikia karibuni ni jambo la kutilia shaka.

Anayetaka kutuma pesa na aombe kwanza namba ya usajili ya mganga na jina la mtaa anakofanyia kazi. Akikwepa kujibu, hela ibaki mfukoni. Aliyekwisha kutuma asifute ujumbe wa muamala: akidhulumiwa, huenda ukawa ndio ushahidi pekee atakaokuwa nao polisi.