Mama Mjamzito na Mkorogo

Akina mama wengi wanapopata mimba hushangaa kuona ngozi yao inabadilika. Mashavu na paji la uso hupata mabaka meusi, chuchu huzidi weusi, na mstari mweusi hushuka kutoka kitovuni. Hapo maneno huanza. Mmoja huambiwa amefubaa, mwingine huambiwa mtoto aliye tumboni anamwibia uzuri. Baada ya siku chache mama huyo yuko gulioni anaulizia kopo la mkorogo.

Sisi tunaohudumia wajawazito kliniki tunaona ni vema jambo hili lisemwe waziwazi.

Mabaka yanatoka wapi?

Yanaletwa na homoni za ujauzito zikisaidiwa na jua. Si ugonjwa, wala hayaonyeshi kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Kwa akina mama wengi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Ndani ya kopo mna nini?

Kwanza, zebaki. Sumu hii hupenya ngozi, huingia katika damu, na hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambako huweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu inayojengwa. Mama mwenyewe huweza kuharibika figo. Baada ya kujifungua hatari haijaisha, kwa maana mtoto hubebwa kifuani penye mafuta hayo na kufutwa kwa taulo lile lile.

Pili, haidrokwinoni. Katika kila sehemu 100 zinazopakwa, kiasi cha 35 hadi 45 huingia mwilini. Ndiyo maana waganga hushauri mjamzito asiiguse.

Tatu, steroidi kali kama klobetasoli. Hizi ni dawa za hospitali, lakini huchanganywa humo kwa siri. Hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuchelewesha vidonda kupona. Fikiria mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua, au aliyeshonwa baada ya kuchanika! Zikitumika kwa wingi wakati wa mimba, zinahusishwa pia na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Lakini sheria haifiki katika kila kapu la mchuuzi, na kopo lisilo na maandishi halisemi lina nini.

Je, leza?

Wenye uwezo huuliza kuhusu leza ya kuondoa mabaka au nywele. Mwanga wake huishia katika ngozi, haufiki kwenye mfuko wa uzazi. Hata hivyo haujafanyika uchunguzi wa kutosha kwa wajawazito. Tena, ngozi nyeusi huungua kwa urahisi kwa leza, na ngozi ya mjamzito huweza kubaki na madoa mabaya kuliko ya kwanza. Subiri ujifungue.

Ufanye nini basi?

Jikinge na jua: vaa kofia pana, jitande kanga, tembea kivulini. Ukiweza, pata mafuta ya kukinga jua yenye oksidi ya zinki. Paka mafuta ya kawaida yasiyo na manukato makali.

Ikiwa umekuwa ukijichubua, mwambie muuguzi katika hudhurio la kwanza, na uende na kopo lenyewe. Usione haya. Aliyetumia steroidi kwa muda mrefu akiacha ghafla, ngozi huweza kuwaka na kuvimba, hivyo anahitaji kuongozwa. Kwa zebaki hakuna kungoja: acha leo.

Nanyi akina baba mkisomewa ukurasa huu, pimeni maneno yenu. Neno moja la dhihaka mezani laweza kumpeleka mke gulioni. Mwambieni kuwa anapendeza, kwa kuwa mabaka yale yatapita, lakini ubongo wa mtoto hujengwa mara moja tu.