Jinsi Mafundi Walivyoiponya Kabureta

Dereva wa motokaa za kwanza alikuwa na kazi mbili barabarani: kuongoza gari, na kuilisha injini kwa mkono wake. Katika magari mengi palikuwa na kishikio cha kuongeza au kupunguza hewa, na mwendo ulipobadilika ilimpasa akisogeze. Asipofanya hivyo, injini ilitoa moshi mweusi au ilizimika. Kosa halikuwa la dereva, bali la kabureta yenyewe.

Kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia katika injini. Kipimo kinachofaa ni karibu ratili 15 za hewa kwa ratili moja ya petroli. Petroli ikizidi, haiungui yote. Hewa ikizidi, moto huwa dhaifu.

Katika motokaa ya Mjerumani Karl Benz, ya mwaka 1886, hewa ilipita katika chombo cha petroli na kuchukua mvuke wake. Lakini sehemu nyepesi za petroli hugeuka mvuke upesi, na zilizo nzito hubaki nyuma. Kwa hiyo kadiri safari ilivyoendelea, mvuke ulizidi kuwa hafifu.

Mwaka 1893 Mjerumani mwingine, Wilhelm Maybach, alipata njia iliyo bora. Petroli ilikaa katika kikombe chenye boya, lililofunga njia petroli ilipofika kimo chake. Kutoka hapo ilivutwa na hewa kupitia tundu jembamba, ikatawanyika kama manyunyu, nyepesi na nzito pamoja. Hata hivyo, kasoro mpya ikatokea. Injini ilipokwenda mbio, mvuto uliongezeka, na petroli ikatoka kwa wingi kuliko hewa iliyoongezeka. Tundu lililofaa kwa mwendo wa polepole halikufaa kwa mbio.

Huko Ufaransa, mwaka 1902, Arthur Krebs wa kiwanda cha Panhard et Levassor alitengeneza kabureta yenye njia ya pili ya hewa, iliyozuiwa na springi. Mvuto ulipozidi, njia ile ilifunguka yenyewe na kuingiza hewa zaidi. Hivyo dereva akapunguziwa kazi.

Mfaransa mwingine, François Baverey, mwaka 1906 alitumia matundu mawili. La kwanza lilikuwa na tabia ile ya zamani: mbio zikizidi, petroli huzidi mno. La pili lilipata petroli kutoka katika kisima kidogo kilicho wazi kwa hewa, kilichojazwa kwa kipimo kisichobadilika. Basi mbio zikizidi, petroli yake haitoshi. Yakifanya kazi pamoja, upungufu wa moja hufidia wingi wa jingine. Kabureta hiyo, iliyoitwa Zenith, ilienea katika nchi nyingi.

Motokaa mpya za siku hizi hazitumii kabureta tena. Petroli hupulizwa kwa vyombo vinavyoongozwa kwa umeme. Lakini kabureta ingali katika pikipiki nyingi, na katika pampu za maji na mashine ndogo za umeme. Mwenye mashine hiyo akiona moshi mweusi, ajue kwamba petroli imezidi hewa. Kwanza asafishe kichujio cha hewa, kisha atazame kama boya linafunga sawasawa. Huenda akajiokolea gharama ya kununua injini nyingine.