Miliari 300 na mtu wa saba

Huku Mpofi, kati ya Masisi na Walikale, kelele haianzi saa ya kuchimba. Inaanza saa ya kugawa feza. Leo tuangalie namba moja kubwa inayotufundisha kugawa: 300 000 000 000, ni kusema miliari mia tatu.

Imetoka wapi? Mwaka 1967 Mobutu alileta zaire. Zaire moja ilikuwa dola 2. Kisha bei zikapanda, zikapanda, hadi ikatoka noti ya zaire 5 000 000. Oktoba 1993, zaire 3 000 000 zikawa zaire mpya 1. Juni 1998, zaire mpya 100 000 zikawa falanga 1. Zidisha mwenyewe: falanga moja ilimeza miliari 300 za zaire ya zamani.

Sasa tuifungue namba hii. Ni 3, na nyuma yake sifuri 11. Kila sifuri inaleta 10, na 10 ni 2 mara 5. Basi ndani mna 2 mara kumi na moja, 5 mara kumi na moja, na 3 mara moja tu. Hamna kingine. Kwa hiyo watu 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12 ao 15 wanaigawa bila kubakiza kitu. Lakini kwa watu 7 inabaki 1, kwa 9 inabaki 3, kwa 11 inabaki 8. Hata uongeze sifuri namna gani, 7 haitaingia.

Ile 3 nayo ilisumbua wazee wetu. Noti ya 5 000 000 ikawa zaire mpya 1, makuta 66, na kipande kisichokwisha. Kipande hicho nani alikilipa?

Tunauliza kwa sababu iko vilevile shimoni. Watu 7 wameuza kasiteriti, wamepata falanga 300 000. Ni namba ileile, sifuri tu zimepungua. Kwa noti za 1 000, kila mtu anapata 42 000, zinabaki 6 000. Kwa noti za 500, kila mtu 42 500, zinabaki 2 500. Kwa noti za 100, kila mtu 42 800, zinabaki 400 tu.

Anayegawa anasema: «Bandugu, hii kidogo tutaona siku ingine.» Mara kumi za hiyo «kidogo» ya 6 000 ni falanga 60 000. Inapita fungu la mtu mzima! Amekuwa mtu wa nane, na hakushika nyundo zaidi yenu.

Basi, ndugu wachimbaji, ombeni noti ndogo mbele ya kugawa. Semeni wazi mabaki ni ya nani: kwa zamu, ao kwa sanduku la dawa. Na mama anayengoja nyumbani ajue hesabu hiyo pia. Sifuri zinaweza kuondolewa na serikali; mabaki yanaondolewa na mtu.