Maana ya kitenzi "shall"

Mtu wa Bangale, katika Tana River, akiletewa tangazo la Kiingereza juu ya maji au malisho, huenda akakuta humo kitenzi "shall" mara nyingi. Mwanawe aliyesoma atamfasiria hivi: mwenye ng'ombe atalipa, na afisa atatoa stakabadhi. Baba atadhani ni habari ya mambo yajayo. Kumbe ni amri. Mwenye ng'ombe ni sharti alipe, na afisa naye ni sharti atoe stakabadhi; akikataa amevunja sheria.

Katika Kiingereza cha kale sana kitenzi hiki kilikuwa na maana ya kuwiwa deni, na harufu ya deni haijakitoka. Walimu wa zamani walifundisha kwamba mtu akisema habari zake mwenyewe, "shall" huonyesha wakati ujao tu. Akisema habari za wengine, huwa agizo. Shakespeare alijua sana nguvu hiyo. Katika mchezo wake wa Coriolanus, jemadari wa Kirumi asikia msemaji wa makabwela akilitumia neno hilo juu yake, na hasira yake yote yaliangukia neno lenyewe. Lililomchoma ni kuona mtu anayemdharau akijitwalia mamlaka ya kuamuru.

Nchini Kenya neno hili limezua mashauri makubwa. Ibara ya 81 ya Katiba ya 2010 yasema kwamba katika mabaraza ya kuchaguliwa watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili, na kitenzi kilichotumika ni "shall". Je, ni deni la kulipwa mara moja? Mwaka 2012 majaji wengi wa Mahakama ya Juu walijibu kwamba kwa Bunge jambo hilo lifikiwe hatua kwa hatua, mwisho 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Siku hiyo ilipita bila deni kulipwa, na mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge, halikuvunjwa.

Kwa mabunge ya kaunti, likiwamo la Tana River, mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa Ibara ya 177 yaonyesha na njia ya kulipa: viti maalumu huongezwa mpaka hesabu itimie.

Waandishi wa Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 waliliepuka neno hili wakaandika "must", ambalo mfasiri yeyote ataliandika "lazima" bila kusita.