Maneno na Majina Yetu (3): Yaanzayo na LU

Wiki iliyopita tulipitia KA: Kambove, Kapolowe, Kakontwe. Leo ni zamu ya LU, na mahali pa kuanzia ni mtoni.

Anayetoka Likasi kwenda Lubumbashi hupita Luishia. Mji anaouendea uliitwa Élisabethville hadi 1966, ulipopewa jina la mto wake, Lubumbashi. Mwaka huohuo mji wetu wa Likasi uliacha kuitwa Jadotville. Lufira, mto unaozungusha mitambo ya umeme ya Mwadingusha tangu 1930, huishia katika Lualaba. Luapula huingia ziwa Mweru. Luvua hutoka humo kuifuata Lualaba. Lukuga nayo huja huko huko, ikitoka ziwa Tanganyika pale Kalemie.

Mito yote hii kuanza na LU si bahati. Katika lugha za Kibantu, LU ni kiambishi cha ngeli, na ngeli hiyo hupenda vitu virefu na vyembamba. Mto ni kitu cha namna hiyo. Vivyo hivyo ulimi: Wabemba husema ululimi, Waluba ludimi. Kiswahili cha pwani kiliiangusha ile L, ikabaki U peke yake. Ndiyo maana tuna ulimi, ukuni, unywele, wembe, ufagio. Kila neno hapo limesimama mahali ambapo zamani palikuwa na LU.

Kiswahili cha huku, kilichokua kambini mwa wachimba shaba pamoja na Kiluba, Kibemba na Kisanga, bado kina LU yake. Kiwanja chenye nyumba na uzio wake tunakiita lupango. Jembe ni lukasu.

Majuzi, katika lupango moja ya Kikula, mtoto aliyekuwa amekula nanasi alimwendea bibi yake, mdomo wazi. "Nkambo, lulimi yangu inauma." Dada yake, mwenye daftari magotini, akamkata kauli: "Si lulimi. Ni ulimi!" Bibi akampa mdogo maji, akanyamaza. Nami nilinyamaza, na ndiyo sababu ya makala haya. Dada alisema kweli, kwani ulimi ndilo neno la vitabuni. Lakini mdogo hakubuni kitu. Alitamka neno kwa sura yake ya zamani, ile ile iliyo mwanzoni mwa Lufira na Lualaba. Mwalimu amsahihishe, ila amweleze pia lilikotoka neno lake, ili asije akaona haya kwa lugha ya nkambo wake.

Tahadhari moja. Si kila LU ni hii. Lulu na lugha ni maneno ya Kiarabu. Luteni limetoka Ulaya. Hayo LU yao ni sehemu ya neno lenyewe, huwezi kuivua. Njia ya kupima ni kutazama wingi: ulimi huwa ndimi, wembe huwa nyembe, kiambishi kimeondoka, lulu hubaki lulu.

U ya pwani, hata hivyo, haikutoka kwa LU pekee. Utu wa Mswahili ni ubuntu wa Mbemba: hapo kilichopotea ni B. Wiki ijayo, basi, tutaingia BU, tukianza na Bunkeya na Bukama, hadi bukari tunayokula kila jioni.