Ketamini na dawa ya kikohozi: ipi ya kuogopa?

Hapa ufukweni mwa Ziwa Mweru, kuanzia Kafutuma hadi Kashikishi, nasikia wanaojiandaa kurudi Kongo wakiiogopa sindano ya ketamini. Wanadai inamtoa mtu roho kisha inamrudisha. Watu haohao hununua dawa ya kikohozi sokoni bila kuuliza lolote. Nionavyo, hofu hiyo imewekwa mahali pasipo pake.

Ketamini na dekstromethofani, iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, ni za ukoo mmoja. Zote huziba njia moja ya mawasiliano katika ubongo. Kipimo kikizidi, mtu hujiona yuko nje ya mwili wake.

Ketamini ilitengenezwa Marekani mwaka 1962. Tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Huondoa maumivu na kumlaza mgonjwa, huku kwa kawaida akiendelea kupumua mwenyewe na shinikizo la damu lisishuke. Kwa hiyo mama mjamzito anaweza kufanyiwa upasuaji wa dharura hata pasipo mashine ya nusu kaputi. Kasoro zake ni ndoto za kutisha wakati wa kuzinduka na presha kupanda. Mwenye presha amweleze daktari mapema. Wanaoigeuza kilevi huweza kuharibikiwa kibofu cha mkojo.

Dekstromethofani, kwa kipimo kilichoandikwa, haina matata kwa watu wazima wengi. Anayekunywa chupa nzima ili alewe hutapika, moyo humwenda mbio na huona yasiyokuwapo. Chupa nyingine zina parasetamo pia, ambayo ikizidi huharibu ini. Ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona, au na pombe, inaweza kuua.

Mfanyabiashara wa mpakani naye ana lake la kuangalia. Mwishoni mwa 2012, makumi ya watu walikufa Pakistan kwa dawa za kikohozi ambazo dekstromethofani yake ilichanganyika na kemikali kali ya jamii ya afyuni. Hakuna mnunuzi aliyeweza kuitambua kwa macho wala kwa ladha.

Basi, usivushe ziwani chupa isiyo na lebo, namba ya toleo na tarehe ya kwisha. Ketamini isiwemo kabisa katika mzigo wa biashara. Hiyo ni ya daktari. Aliyezidisha dawa yoyote kati ya hizi apelekwe haraka hospitalini, pamoja na chupa yake. Na mama akiambiwa anahitaji sindano ili apasuliwe, asikimbie.