Rangi ya Gari Kati ya Vumbi la Masasi na Jua la Newala

Mng'ao wa gari hautokani na rangi yenyewe, bali na ulaini wa uso ulioifunika. Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980, rangi hufunikwa na tabaka la plastiki angavu lisilo na rangi yoyote, ambalo mafundi huliita klia, na ambalo unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, mikroni moja ikiwa ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Yaani tabaka zima ni jembamba kuliko unywele. Mwanga unaolipiga tabaka hilo kutoka juu hurudishwa kwa takribani asilimia 4 tu, na sehemu kubwa iliyobaki hupenya hadi kwenye rangi. Kiasi hicho kidogo kikirudi kwa mpangilio mmoja, jicho huona kioo. Kikitawanywa na mikwaruzo midogo, jicho huona ukungu, na gari jeusi huonekana la kijivu ingawa rangi iliyo chini ya klia haijapungua hata chembe.

Masasi na Newala, wilaya za Mkoa wa Mtwara kusini mwa Tanzania, ziko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Jua la Oktoba ndilo baya zaidi kwa magari, kwa kuwa huja mwishoni mwa kiangazi, wakati mawingu ni machache na mvua hazijaanza. Miale ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho lakini yenye nguvu ya kukata minyororo ya molekuli za plastiki, huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, ndiyo maana Newala, iliyo juu ya uwanda wa Makonde, hupata miale mikali kidogo kuliko Masasi iliyo chini yake. Lakini tofauti hiyo ni ya asilimia chache tu, na haitoshi kumhamisha mwenye gari.

Magari meupe yana mkasa wake. Baadhi ya yale yanayoagizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika hayana klia, na weupe wake unatokana na unga wa titani dioksidi uliochanganywa moja kwa moja katika rangi. Unga huo unapopigwa na urujuanimno huchochea mabadiliko ya kikemia yanayokula gundi inayoushika, nazo chembe zake hubaki huru juu ya uso, kiasi kwamba anayepitisha kiganja kwenye boneti huondoka na mkono mweupe kama aliyeshika chaki.

Hata hivyo, jua husingiziwa mengi yanayofanywa na tambara. Vumbi la Masasi hutokana kwa sehemu na kumomonyoka kwa miamba ya naisi na graniti inayounda vilima vya mawe vinavyouzunguka mji, na ndani ya miamba hiyo mna kwatzi, madini ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 kwa ulanga na kuishia 10 kwa almasi, yako kwenye 7, wakati klia ni laini kuliko hata kioo cha dirisha. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye urefu wa kilomita 210, imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande kuanzia upande wa Mtwara, na kwa miaka mingi gari lililotoka Newala kuteremka Masasi wakati wa kiangazi lilifika limevaa koti jekundu. Dereva anayelifuta koti hilo kwa kitambaa kikavu, kwa nia njema kabisa, hupiga msasa gari lake mwenyewe kila asubuhi.

Mikwaruzo inayotokana na ufutaji huo ina tabia ya kushangaza. Jua linapojionyesha kwenye boneti, mikwaruzo huonekana kama duara nyingi zinazolizunguka, na wengi hudhani kwamba mfutaji alizungusha mkono, ilhali mikwaruzo yenyewe imelala ovyo kila upande: ile tu inayokatiza njia ya mwanga kwa pembe inayofaa ndiyo inayourudisha machoni, na mtazamaji akisogea, duara nazo husogea naye.

Dawa yake ni maji, lakini maji ndiyo yanayoadimika. Udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde hufyonza mvua kabla haijawa mto, na maji ya Newala hupandishwa kwa pampu kutoka vyanzo vya bondeni kama Mitema. Penye uhaba wa namna hiyo, ndoo moja itumike kwanza kulowesha na kuteremsha mchanga kutoka paa kwenda chini, ndipo kitambaa kiguse rangi. Uangalifu huo unahitajika zaidi kati ya Juni na Agosti, wakulima wanapopuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, kwani salfa ikituama penye umande huweza kuchokoza kutu pale ambapo chuma kimeachwa wazi.

Kurudisha mng'ao, basi, ni kazi ya kupunguza. Polishi ya kukata huwa na unga wa alumini oksidi wenye ugumu wa 9, yaani dawa ni ngumu kuliko sumu, na tofauti iko katika ukubwa wa chembe, ambazo ni ndogo mno na za kipimo kimoja. Mchongaji wa kinyago cha mpingo anaijua kanuni hiyo, kwani hupiga msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, kila hatua ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia; ila yeye ana mti wa kutosha wa kupunguza, na fundi wa gari ana mikroni zinazohesabika, ambazo kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti huwa chache zaidi. Kila mara gari linapopigwa polishi ya kukata, mikroni chache huondoka na hazirudi.

Wanaofuta gari kwa dizeli au mafuta ya taa hupata mng'ao wa haraka kwa sababu mafuta hujaza mikwaruzo na kuupitisha mwanga karibu sawa na klia, lakini mafuta hukauka, na kabla hayajakauka hunasa vumbi jipya. Nta hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa uaminifu zaidi, ingawa nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, na paa la gari la rangi nzito lililoegeshwa juani linaweza kufikia nyuzi 70. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa Brazili, huvumilia hadi zaidi ya nyuzi 80.

Kabla ya yote hayo, gari lilowanishwe na kutazamwa. Rangi ikirejea kwa muda ule wa unyevu, kuna klia ya kufanyia kazi. Vikibaki viraka vyenye kingo zilizobanduka, klia imekufa, hakuna polishi itakayoifufua, na gari linahitaji msasa, praima na rangi upya. Baadhi ya praima za kuzuia kutu hukaushwa kwa kigumishi kinachotengenezwa kutokana na kadanoli, kemikali inayopatikana kutokana na mafuta ya ganda la korosho, na korosho nyingi za Mtwara bado husafirishwa kwenda India na Vietnam zikiwa na maganda yake.